Theobald Smith: Mtafiti aliyewasikiza wafugaji na kufichua siri ya kupe

MNAMO Juni 27, 1889, ng'ombe saba kutoka jimbo la North Carolina walifikishwa katika shamba la majaribio la serikali ya Marekani, nje kidogo ya jiji la Washington. Walikuwa wamekonda kidogo lakini hawakuwa wagonjwa. Ngozi zao, hata hivyo, zilikuwa zimejaa kupe.

Watatu kati yao walitengwa. Kisha ikaanza kazi ambayo wasomi wengi wa wakati huo wangeiona kuwa ya vibarua: kuwapapasa ng'ombe hao kutoka masikioni hadi mkiani na kuwang'oa kupe kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilirudiwa siku baada ya siku katika joto la kiangazi, kwa kuwa kila ilipodhaniwa kwamba imekwisha, kupe wadogo waliokuwa wamejificha kwenye manyoya walinenepa na kuonekana.

Aliyeongoza uchunguzi huo alikuwa daktari kijana wa umri wa miaka 29, kwa jina Theobald Smith. Swali alilotaka kulijibu lilikuwa limewagharimu wafugaji wa Marekani maelfu ya mifugo. Jibu lake lilikuwa midomoni mwa wafugaji wenyewe kwa miaka mingi, ila wataalamu hawakulitilia maanani.

Kila mfugaji anayepeleka ng'ombe wake joshoni au kuwanyunyizia dawa ya kupe leo anafuata, pengine bila kujua, njia iliyofunguliwa katika shamba hilo.

MWANA WA FUNDI CHEREHANI

Smith alizaliwa Julai 31, 1859 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na jina lao la ukoo, Schmitt, liligeuzwa kuwa Smith. Babake alikuwa fundi wa kushona nguo.

Nyumbani kwao kulizungumzwa Kijerumani. Jambo hilo dogo lilikuja kumfaa sana. Katika miaka ambayo Robert Koch wa Ujerumani alikuwa akiushangaza ulimwengu kwa uvumbuzi wake kuhusu bakteria, kijana huyo wa Albany aliweza kuzisoma ripoti zake katika lugha ziliyoandikiwa, bila kusubiri mfasiri.

Alikuwa pia mpenzi wa muziki, akicheza piano na kinanda. Akili yake ya hesabu ilikuwa kali. Alisomea Chuo Kikuu cha Cornell kwa msaada wa karo kutoka jimbo lake na kuhitimu mwaka wa 1881, kisha akapata shahada ya udaktari mjini Albany mwaka wa 1883.

Licha ya shahada hiyo, kazi ya kuwatibu wagonjwa haikumvutia. Alitaka kujua magonjwa yanaanzia wapi. Mwalimu wake wa Cornell, Simon Gage, alimpendekeza kwa Daniel Salmon, daktari wa mifugo aliyekuwa akianzisha uchunguzi wa magonjwa ya wanyama katika Wizara ya Kilimo. Mwishoni mwa 1883 Smith alihamia Washington, na mwaka uliofuata serikali ikaunda Idara ya Mifugo, Salmon akiwa mkuu wake.

Wakati huo taaluma ya bakteria ilikuwa changa mno nchini Marekani. Smith alijifundisha mwenyewe jinsi ya kuwakuza bakteria, kuwatia rangi ili waonekane kwenye hadubini na kuwatenganisha. Kufikia 1886 alikuwa tayari akiwafundisha wengine katika chuo ambacho baadaye kiliitwa Chuo Kikuu cha George Washington.

JINA LA MKUBWA

Mwaka wa 1885, akichunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza nguruwe, Smith alimtenga bakteria ambaye hakuwa akijulikana. Ripoti ilitolewa chini ya jina la mkubwa wake. Mwaka wa 1900 mtaalamu Mfaransa, Joseph Lignières, alipendekeza kundi zima la bakteria hao lipewe jina la Salmon. Ndiyo asili ya Salmonella, jina ambalo leo hutajwa kila mara watu wanapougua kwa kula mayai au nyama isiyoiva.

Kwa hivyo mmoja wa bakteria wanaojulikana zaidi duniani ana jina la mtu ambaye hakumgundua. Inafaa kuongezwa kwamba bakteria huyo hakuwa kiini halisi cha ugonjwa wa nguruwe uliochunguzwa. Mwaka wa 1903 watafiti wengine wa idara iyo hiyo walionyesha kwamba ugonjwa huo husababishwa na kirusi.

Hata hivyo, kazi hiyo haikupotea bure. Mwaka wa 1886 Smith na Salmon waliwadunga njiwa bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto, na njiwa hao wakapata kinga dhidi ya bakteria walio hai. Hadi hapo ilidhaniwa kwamba chanjo lazima iwe na kiini kilicho hai, hata kama kimedhoofishwa. Chanjo nyingi zilizotumiwa baadaye kwa binadamu na mifugo zilijengwa juu ya msingi huo. Jina la Salmon lilitangulia kwenye taarifa hiyo pia.

Smith hakuwa mtu wa kelele. Aliendelea na kazi. Mwaka wa 1888 alifunga ndoa na Lilian Egleston, na walijaliwa watoto watatu. Ni katika kipindi icho hicho alipolikabili tatizo lililomjengea jina.

UGONJWA ULIOSAFIRI NA MIFUGO

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, wafanyabiashara wa Marekani walianza kuwasafirisha ng'ombe wengi kutoka Texas na majimbo mengine ya kusini kwenda masoko ya kaskazini. Wengine waliswagwa kwa miguu, wengine wakapakiwa kwenye meli na magari ya moshi.

Ng'ombe hao walionekana wazima. Lakini kila walikopita, ng'ombe wa kaskazini waliolisha katika malisho yayo hayo waliugua baada ya wiki kadhaa. Walipatwa na homa kali, wakakataa kula, mkojo wao ukawa mwekundu kama divai, na wengi wakafa. Mwaka wa 1868 pekee maelfu walikufa katika majimbo ya Illinois na Indiana. Wafugaji wa huko walikasirika, na baadhi ya majimbo yakapiga marufuku mifugo ya kusini wakati wa joto.

Ajabu ni kwamba mgonjwa hakumwambukiza mwenzake waliyesimama pamoja. Ng'ombe wa kusini hawakuugua, ilhali ndio walioleta maafa. Isitoshe, ng'ombe wa kaskazini hakuhitaji hata kukutana na wale wa kusini. Ilitosha kulisha mahali walipopita majuma kadhaa awali. Wakati wa baridi kali, hatari hiyo ilitoweka.

Wataalamu walitoa nadharia nyingi. Kuna waliolaumu mate yaliyobaki kwenye nyasi, na waliolaumu mkojo au kinyesi. Wafugaji, kwa upande wao, walishikilia kwamba mkosaji ni kupe: penye kupe pana ugonjwa, na pasipo kupe hakuna.

Dai hilo lilichekwa. Wataalamu walihoji jinsi kupe aliyejishikiza kwenye ng'ombe mmoja angeweza kumuua mwingine aliye mbali. Kupe wa aina hiyo humpanda ng'ombe mmoja tu maishani. Akishashiba damu huanguka chini, hutaga mayai yake na kufa, wala hapandi ng'ombe wa pili. Hoja hiyo ilionekana kutojibika.

Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Smith na mwenzake, daktari wa mifugo F. L. Kilborne aliyesimamia shamba la majaribio, waliamua kulipima dai hilo badala ya kulibishia.

MAJIBU YA MALISHO

Mpango wao ulikuwa mwepesi kueleweka. Katika kipande cha kwanza cha malisho waliwaweka ng'ombe wanne wa kusini wakiwa na kupe wao, pamoja na ng'ombe wa kaskazini. Katika cha pili waliwaweka wale watatu walioondolewa kupe kwa mikono, nao pia wakachanganywa na ng'ombe wa kaskazini. Katika cha tatu hapakuwa na ng'ombe wa kusini hata mmoja. Kupe pekee ndio waliotawanywa kwenye nyasi, kisha ng'ombe wa kaskazini wakaachiliwa humo.

Matokeo hayakuacha shaka. Ng'ombe wa kaskazini waliolisha penye kupe waliugua na wengine wakafa, hata pale ambapo hawakuwahi kumwona ng'ombe wa kusini. Waliolisha na ng'ombe wasio na kupe walibaki wazima, ingawa walikula, walikunywa na kulala pamoja nao.

Wakati huohuo Smith alikuwa akipima joto la wanyama hao, akichukua matone ya damu yao na kuhesabu chembechembe nyekundu. Aliona idadi yake ikiporomoka kadiri homa ilivyopanda. Ndani ya chembechembe zilizosalia aliona viumbe vidogo vyenye umbo la peasi, mara nyingi viwili viwili. Vilikuwa vimelea vya seli moja vinavyoishi ndani ya chembechembe za damu na kuzipasua. Ndiyo sababu mkojo uligeuka mwekundu. Mtaalamu wa Romania, Victor Babeș, alikuwa ameripoti mwaka wa 1888 viumbe wa aina hiyo katika damu ya ng'ombe wa nchi yake, na leo kimelea kilichoonwa na Smith huitwa Babesia bigemina kwa heshima ya Mromania huyo.

Lililobaki lilikuwa lile swali la kupe asiyepanda ng'ombe wa pili. Mwaka wa 1890 Smith aliyaweka mayai ya kupe kwenye vyombo vya maabara hadi yakaanguliwa. Kupe hao wachanga, ambao hawakuwahi kuuma mnyama yeyote, waliwekwa juu ya ng'ombe mwenye afya. Siku chache baadaye ng'ombe huyo alishikwa na homa, na damu yake ikajaa vimelea.

Fumbo likafumbuka. Kupe jike hunyonya kimelea pamoja na damu, kisha humpitishia mtoto wake ndani ya yai. Mama hufa ardhini, lakini kizazi chake huanguliwa kikiwa na ugonjwa tayari na kumsubiri ng'ombe apite. Majuma yale ya kungoja ambayo yaliwatatiza wataalamu yalikuwa muda wa mayai kutagwa na kuanguliwa. Baridi ya kaskazini iliua mayai na kupe, na ugonjwa ukakoma nao.

Hata ile afya ya ng'ombe wa kusini ilipata maelezo. Waliumwa na kupe wakiwa ndama, umri ambao ugonjwa huwa mwepesi, wakapona na kubaki na kinga huku vimelea vichache vikiendelea kuishi katika damu yao. Hawakuugua, lakini kila kupe aliyewanyonya aliweza kubeba ugonjwa.

Ripoti ya Smith na Kilborne ilichapishwa mwaka wa 1893. Ilikuwa kitabu kizima cha kurasa zipatazo 300, na kwa mara ya kwanza ilithibitisha kwa majaribio kwamba mdudu mnyonya damu anaweza kusambaza ugonjwa unaosababishwa na kimelea cha seli moja. Milango ikafunguka. Miaka michache baadaye David Bruce alimhusisha mbung'o na nagana huko Zululand, mwaka wa 1897 Ronald Ross akakiona kimelea cha malaria ndani ya mbu nchini India, na mwaka wa 1900 Walter Reed na wenzake wakathibitisha kwamba mbu hueneza homa ya manjano.

Mwaka wa 1906 Marekani ilianzisha kampeni ya kuwaangamiza kupe hao kwa kuwaogesha ng'ombe katika majosho yenye dawa. Baadhi ya wafugaji wa kusini waliipinga vikali, lakini kufikia 1943 kupe hao walikuwa wametokomezwa, isipokuwa katika ukanda mwembamba wa mpaka wa Texas na Mexico ambao umeendelea kulindwa.

MNYONGE MNYONGENI

Ushindi huo nao ulikuwa na doa lake. Mtafiti mwingine wa idara hiyo, Cooper Curtice, ndiye aliyekuwa amefuatilia kwa makini maisha ya kupe, tangu yai hadi mtu mzima. Bila maarifa hayo jaribio la kupe wachanga lisingekamilika. Jina lake halikuwekwa kwenye jalada la ripoti ya 1893, na mjadala kuhusu mchango wa kila mmoja uliendelea kwa miaka mingi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Smith, aliyejua uchungu wa kuona kazi yake ikibeba jina la mwingine, hakuweza kuepuka kabisa lawama ya aina iyo hiyo. Curtice hakukata tamaa. Alikuwa miongoni mwa waliopigania kwa bidii kampeni ya kuwaangamiza kupe, na njia yake ilikuja kukutana tena na ya Smith, safari hii katika banda la kuku.

BATA MZINGA WANAOKUFA

Katika jimbo dogo la Rhode Island, ufugaji wa bata mzinga ulikuwa tegemeo la familia nyingi za mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndege hao walikuwa wakifa kwa wingi. Samuel Cushman, aliyeshughulikia ufugaji wa kuku na ndege wengine katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo hilo, aliomba msaada wa wataalamu wa Washington.

Smith alipopasua ndege waliokufa alikuta vifuko viwili vilivyo mwisho wa utumbo vimevimba na kuwa vinene, na ini limejaa mabaka ya mviringo yaliyobonyea. Mwaka wa 1895 alitoa ripoti kwamba ugonjwa huo, ambao wafugaji waliuita kichwa cheusi kwa kuwa ngozi ya kichwa cha baadhi ya ndege ilibadilika rangi, ulisababishwa na kimelea cha seli moja. Baadaye, mwaka wa 1920, Ernest Tyzzer wa Chuo Kikuu cha Harvard alikipa kimelea hicho jina linalotumiwa hadi leo, Histomonas meleagridis.

Lakini Smith hakuridhika. Kimelea hicho ni dhaifu mno nje ya mwili na hufa upesi kwenye udongo. Ilikuwaje basi uwanja uliokaa bila ndege kwa miezi mingi uendelee kuua bata mzinga wapya? Mwaka huo wa 1895 Smith aliondoka Washington bila kupata jibu.

Aliyesogeza hatua iliyofuata alikuwa Curtice. Akifanya kazi Rhode Island, mwaka wa 1907 alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba vifaranga wa bata mzinga walioangulia kwenye mashine na kulelewa mbali na ndege wengine waliepuka ugonjwa, na kwamba kuku wa kawaida, wanaoonekana wazima, ndio walioweza kuuleta. Ilikuwa hadithi ya ng'ombe wa Texas kwa mara ya pili: mwenye ugonjwa haonyeshi, na jirani yake ndiye anayekufa.

BOSTON NA PRINCETON

Huko Boston, Smith alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard na wakati huohuo kusimamia maabara ya jimbo la Massachusetts iliyotengeneza dawa ya dondakoo. Mwaka wa 1898 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu wa ng'ombe na wa binadamu si wa aina moja. Koch alipodai jijini London mwaka wa 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kubwa kwa watu, uchunguzi uliofuata ulimkosoa. Maziwa yasiyochemshwa yalikuwa yakiwaambukiza watoto.

Mwaka wa 1901 pia ndipo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Rockefeller ilipoanzishwa, na Smith akaombwa awe mkurugenzi wake. Alikataa. Miongo miwili ya mawazo yake ilikuwa kwenye wanyama, naye hakupenda kuacha maabara kwa ajili ya ofisi. Taasisi hiyo ilipoamua baadaye kuanzisha idara ya magonjwa ya wanyama huko Princeton, alikubali kuiongoza, na akahamia huko mnamo 1915 akiwa na umri wa miaka 55.

Ni Princeton ambako deni la bata mzinga lililipwa. Mwaka wa 1920, robo karne baada ya ripoti yake ya kwanza, Smith na H. W. Graybill walionyesha kwamba bata mzinga wakilishwa mayai yaliyokomaa ya mnyoo mdogo uitwao Heterakis, hupatwa na ugonjwa huo na kufa. Mnyoo huo huishi katika utumbo wa kuku. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba kimelea dhaifu husafiri ndani ya yai gumu la mnyoo, nalo hudumu kwenye udongo kwa muda mrefu sana. Kama ilivyokuwa kwa kupe, yai ndilo lililokuwa gari la ugonjwa.

Jambo jingine la manufaa kwa wafugaji lilichapishwa mwaka wa 1922. Pamoja na Ralph Little, Smith alionyesha kwamba ndama walionyimwa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, walikufa kwa wingi kutokana na bakteria ambao huwa hawawadhuru wenzao. Kinga ya ndama haikuzaliwa naye. Aliinywa.

Smith alistaafu mwaka wa 1929 lakini hakuacha kufikiri. Mwaka wa 1933 Shirika la Kifalme la Uingereza lilimtunuku Nishani ya Copley, mojawapo ya tuzo kongwe zaidi za sayansi duniani. Mwaka wa 1934 kilichapishwa kitabu chake kuhusu vimelea na magonjwa. Humo alieleza fikra aliyoivuna kwa ng'ombe na bata mzinga: kwamba kimelea hakifaidiki kwa kumuua mwenyeji wake, na kwamba vifo vingi hutokea pale kimelea kinapomwingia mnyama ambaye hakijazoeana naye. Alifariki Desemba 10, 1934 jijini New York, akiwa na umri wa miaka 75.

KUTOKA TEXAS HADI USAMBARA

Matokeo ya shamba lile la Washington yalifika Afrika Mashariki mapema. Kati ya 1897 na 1898 Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, wakati huo ikiwa chini ya Wajerumani, akichunguza magonjwa ya watu na mifugo. Alikuta ng'ombe wa pwani wakiwa na ugonjwa uleule wa Texas, na jaribio la kupe wachanga lilipofanywa huko milima ya Usambara, matokeo yakaafikiana na ya Smith.

Katika damu ya baadhi ya ng'ombe Koch aliona pia vimelea vidogo zaidi, akidhani ni hatua nyingine ya ugonjwa uo huo. Kumbe vilikuwa vya ndigana kali, ugonjwa ambao hadi leo ni miongoni mwa maadui wakubwa wa wafugaji wa Afrika Mashariki. Ng'ombe kutoka pwani hii waliposafirishwa kwenda kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, waliupeleka huko na kusababisha maangamizi. Watafiti wa Afrika Kusini, wakiwemo Charles Lounsbury na Arnold Theiler, waliufuatilia kwa njia aliyoionyesha Smith na kumbaini kupe wa masikio wa rangi ya kahawia. Tofauti ni kwamba kupe huyu haupitishi ugonjwa kupitia mayai. Huupata akiwa mchanga kwa ng'ombe mmoja na kuupeleka kwa mwingine anapokua.

Majosho ya humu nchini, ratiba za kunyunyizia dawa, na chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa na watafiti wa Muguga katika miaka ya 1970 ni matawi ya mti huo. Mfugaji anayeona mkojo mwekundu wa ng'ombe wake na kuwashuku kupe anajua leo kile ambacho wataalamu wa karne ya 19 walikicheka.

Kwa upande wa ndege, mwisho wa 2015 nitarsone, dawa iliyokuwa ikitumiwa Marekani kukinga bata mzinga dhidi ya ugonjwa wa kichwa cheusi, iliondolewa sokoni kwa sababu ya usalama wa walaji, kwa kuwa ina chembe za zaranikh. Wafugaji walirejea kwenye ushauri uliotokana na kazi ya Curtice na Smith: usiwachanganye bata mzinga na kuku, wala usiwaweke bata mzinga katika uwanja uliokuwa wa kuku.

Bakteria mashuhuri aliyemgundua Smith hubeba jina la Salmon, kimelea cha ng'ombe hubeba la Babeș, na cha bata mzinga kilipewa jina na Tyzzer. Wengi wanaoyatamka majina hayo hawamfahamu kabisa mwana wa fundi cherehani wa Albany. Kazi yake inaonekana kwa namna nyingine. Inaonekana kwenye foleni ya ng'ombe wanaongoja zamu yao joshoni, na kwa ndama anayesukumwa anyonye dang'a kabla mamake hajakamuliwa.